Chumba cha futi kumi kwa kumi, Malimbe na Copenhagen

Mdogo wangu amepanga chumba Malimbe, Mwanza, jirani na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino (SAUT), futi kumi kwa kumi. Mimi huku Copenhagen, Denmark, ninaishi katika chumba kisichokizidi hicho kwa lolote. Amekuwa akinitumia video za watu wa Ulaya wanaofundisha namna ya kufanya chumba kidogo kionekane kikubwa, halafu ananiuliza, "Dada, haya mambo yanafanya kazi kweli?" Yanafanya. Ila mengi yamepangwa kwa jua la huku, na jua la huku silo la Mwanza.

Desemba hapa jua linachomoza baada ya saa mbili asubuhi, na kabla ya saa kumi alasiri limeshazama. Hata mchana linakuwa chini sana, nyuzi kama 11 tu juu ya upeo wa macho. Likipata dirisha la upande wa kusini linaingia limelala, linafika mpaka ukuta wa nyuma. Ndiyo sababu wenyeji wengi hawaweki mapazia mazito: kila mwale wanautaka ndani.

Mwanza iko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta. Jua la mchana liko juu ya utosi karibu mwaka mzima. Juni linaegemea kaskazini, Desemba kusini, lakini mchana kweupe halishuki chini ya nyuzi 60. Linachoma bati, linachoma uwanja, ndani haliingii. Mwanga unaofika chumbani ni ule uliokwisha kugonga kitu kingine huko nje: ardhi, jiwe, ukuta wa jirani. Na Mwanza, nyumba zetu zikiwa zimebanana mlimani katikati ya mawe, mara nyingi kitu hicho kiko hatua mbili tu kutoka dirishani.

Dirisha la mdogo wangu linatazamana na ukuta wa tofali za saruji usiopigwa plasta, wa kijivu. Ukuta wa namna hiyo unameza mwanga mwingi. Ukipakwa nyeupe, mwanga ule ule wa utosini unarudi na kuingia dirishani, na chumba kinapata uhai hata kabla hujagusa kitu ndani. Nimemwambia aanze na huo, kabla ya kioo, kabla ya zulia. Aende kwa mwenye ukuta kwa heshima, aombe, na atumie rangi ya nje badala ya chokaa, maana mvua za Novemba zitaiondoa chokaa yote.

Ndani, jambo linaloniuma ni ile desturi yetu ya kupaka rangi mbili: rangi ya mafuta ya kahawia au bluu nzito kutoka chini hadi kiunoni, halafu krimu juu. Naelewa ilikotoka. Ukuta wa chini unachafuka na rangi ya mafuta inafutika. Lakini ule mstari unaozunguka chumba kizima unakata ukuta katikati, na dari inaonekana imeshuka. Mweleze fundi rangi akupakie rangi ya mafuta chini kama kawaida, ila iwe rangi ile ile ya juu. Utafuta uchafu vilevile, na jicho litapanda kutoka sakafuni hadi darini bila kukwama. Dari iwe nyeupe kabisa.

Bomba la pazia nalo lipande. Wengi wetu tunalipigilia juu kidogo ya fremu, na urefu wake ni wa dirisha lenyewe, kwa hiyo pazia likifunguliwa bado linafunika kioo pande zote mbili. Liweke karibu na dari, lizidi dirisha kila upande, ili pazia zito likae ukutani na dirishani ibaki shela, lile pazia jepesi linalopitisha mwanga, peke yake. Shela inatosha kukusitiri mchana.

Kuhusu vyombo, Wadenishi wana somo moja ninalolipenda. Mwaka 1948 mbunifu wao wa samani, Poul Cadovius, alitengeneza mfumo wa rafu na makabati yanayoning'inia ukutani bila kugusa chini. Ukiingia nyumba zenye rafu hizo unaiona sakafu yote mpaka kona. Hilo seremala yeyote wa Mwanza analiweza kwa mbao na vyuma vya pembe. Kinachopunguza chumba ni vitu vilivyoziba sakafu kuliko wingi wa vitu vyenyewe. Tranka na ndoo ziingie uvunguni, kitanda kiinuliwe kidogo. Mtungi wa gesi usiuingize huko, uache karibu na mlango penye hewa.

Chandarua kibaki. Kanda ya Ziwa malaria ni nyingi, na video za Ulaya haziwezi kukuambia hilo. Lakini chandarua kinachoning'inia mchana kutwa ni ukuta wa pili katikati ya chumba. Ukiamka, kikunje kuanzia ukingo wa chini, kikusanye juu kabisa, ukifunge kwa utepe usawa wa dari. Ukifanya hivyo kila asubuhi, kitanda kinarudi kuwa sehemu ya chumba, mtu anaweza kuja kukaa mkazungumza.

Kioo, kimoja kirefu, kiwe kwenye ukuta ulio pembeni mwa dirisha. Angalia kwanza kitaonyesha nini. Kikitazama rundo la nguo, umepata marundo mawili.

Usiku ni taa. Taa moja kali katikati ya dari inaacha kona zote gizani, na kona za giza zinavuta kuta karibu. Huku watu wanawasha mbili tatu, za chini, zenye vifuniko vya kupunguza ukali. Mbunifu mwingine wa Denmark, Poul Henningsen, alianza kubuni taa za namna hiyo miaka ya 1920, mwanga usichome macho bali umwagike ukutani. Kwako mbili zinatosha, moja kila kona. Wale wadudu wa ziwani wakija makundi kwa makundi kufuata taa, hakikisha wavu wa dirisha hauna tundu, na uwashe ile iliyo mbali na dirisha tu.