Nilivyoacha kubeba ndoo: tangi langu la kufugia matumbawe hapa Malindi

Tangu nianze kutumia kiti cha magurudumu, kazi ilonishinda kwa tangi ni moja tu, kuongeza maji. Joto letu hili na feni juu, maji yanapungua kila siku lakini chumvi haiendi popote, ikapanda toka gramu 35 kwa lita hadi 39 na matumbawe yakajikunyata, niliumia sana.

Fundi wa stima akanifungia swichi ya boya, maji yakishuka pampu inavuta maji matamu yaliochujwa toka ndoo ya chini (sio ya bahari jamani, mtazidisha chumvi). Usiku wa kwanza sebule ikafurika! Kumbe mdomo wa mpira ulikua umezama ndani ya tangi, pampu ikizima maji yanajivuta yenyewe kurudi kwa ndoo hadi inamwagika. Nikauinua juu ya maji, basi, ikaisha.

Ongezeni boya la pili juu kidogo likate stima maji yakizidi, kwa sababu konokono hukwamisha la kwanza. Na ndoo iwe ndogo, yangu lita 10 kwa tangi la lita 200, hata ikimwagika yote ndani ya tangi matumbawe hayafi. Mpwa wangu anaijaza mara mbili kwa wiki, chumvi sai ni 35.