"Somo limefaulu" na hata kengele haijalia

Jamani walimu wapya mliotoka chuo juzi mkapangiwa huku kwetu Mombasa, kuna kitu nataka niwaambie kabla hamjazoea vibaya. Kile kisehemu cha mwisho kwa andalio la somo, pale pa tafakuri, watu wengi wanaandika "somo limefaulu, lengo limefikiwa" Jumatatu mpaka Ijumaa, na kuna wanaoandika asubuhi mapema kabisa, yaani somo lishafaulu na bado halijafundishwa!

Nawaelewa lakini. Darasa limefurika, joto la Februari huku Kisauni mwalijua, madaftari ya kumaki yamerundikana na TPAD, ile tathmini ya utendaji wa mwalimu ya TSC (tume ya kuajiri walimu), inakungoja, sasa nani ana nguvu za kutafakari saa kumi jioni. Ila hakuna aliyesema uandike insha. Sentensi moja ya ukweli yatosha, na iwe ni kitu ulichokiona ama kukisikia mle darasani, si vile ulivyojihisi.

Muhula uliopita kijana mmoja wa intanshipu alikuwa anafundisha frakshoni Gredi 5, darasa zima laitikia "ndio tichaa", mambo sawa. Kengele ikikaribia akamuuliza msichana wa nyuma kipi kikubwa, 1/4 au 1/8, akajibiwa 1/8 bila wasiwasi, kwani si nane yaishinda nne? Akauliza wengine wawili, jibu lile lile. Basi kwa andalio akaandika: "wanaangalia nambari ya chini tu, kipande chenyewe hawakioni." Kesho yake akaja na mikate ya sinia miwili, mmoja akaukata vipande vinne, wa pili vinane, akawaambia wachague. Wallahi hakuna aliyegusa cha nane, mtoto wa pwani kwa mkate wa sinia humdanganyi.

Donald Schön, Mmarekani aliyeandika haya mambo mwaka 1983, alitofautisha kufikiri ukiwa katikati ya kazi na kufikiri ukishaimaliza. Lile swali la kabla ya kengele ndilo la kwanza, ile sentensi ndiyo ya pili. Chuoni watu hukariri kwa ajili ya mtihani ikaishia hapo.

Kingine, mwombe mwenzako akae nyuma robo saa, achore ramani ya madeski, na kila ukimuuliza mtoto swali atie nukta pale alipokaa. Usimwombe maoni, maana huku kwetu watu waungwana mno, atakwambia mashallah umefundisha vizuri mwende mkanywe chai. Nukta hazina uungwana huo. Mara nyingi utakuta zimejazana deski za mbele, halafu kuna kona nzima haina hata moja, na wewe ungeapa umeuliza kila mtu.

Na hiyo ramani usiitie kwa faili ya TPAD, ile ina fomu zake, ijaze vile inavyotakiwa yaishe. Hii iweke kwa daftari lako mwenyewe, wiki ijayo mwite yule yule achore nyingine, muone ile kona imepata nukta ngapi.