Ipo Kwenye Kompyuta

Maneno hayo niliyasema mara nyingi mno mwaka 2011. Mtu anakuja nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga, anafungua pindo la kanga au anaingiza mkono mfuko wa shati, ananihesabia noti zake, halafu anasimama kidogo akingoja karatasi. Nami namwambia, "Usiwe na wasiwasi, ipo kwenye kompyuta." Anashukuru, anaondoka.

Zilikuwa fedha za chama cha kufa na kuzikana cha mtaa wetu. Kaya 64, shilingi 3,000 kila kaya kwa mwezi. Ukifiwa unaletewa sanda, majamvi, masufuria ya kupikia waombolezaji, na mkono wa pole wa shilingi 300,000. Anayedaiwa zaidi ya miezi sita anapewa nusu. Baba alikuwa katibu tangu nikiwa shule ya msingi, na kumbukumbu zote aliziweka kwenye kaunta buku la jalada jekundu, kwa wino wa buluu, mwandiko wa ualimu. Kila aliyelipa aliondoka na stakabadhi iliyokatwa juu ya karatasi ya kaboni.

Mtoto wa jicho ndiye aliyebadilisha mambo. Mistari ilianza kupandana, michango ya huyu ikaangukia kwa yule. Nikamwambia, "Baba, nipe mimi, nitaingiza yote kwenye Excel." Wazee wa kamati walisita. Mmoja aliuliza umeme ukikatika itakuwaje, nikamjibu kwa kujiamini kwamba umeme ukirudi kila kitu kinakuwa pale pale. Kaunta buku likafungwa likawekwa juu ya kabati. Vitabu vya stakabadhi vilipokwisha hatukuchapisha vingine.

Kompyuta yenyewe tuliinunua Kariakoo mwaka 2008, ya mtumba, Pentium 4 yenye diski ya GB 40 na Windows XP. Tuliiweka sebuleni karibu na dirisha ili ipate upepo, na upepo wa Tanga unakuja na vumbi la barabara na chumvi ya bahari. Niliifunika kitambaa nilichofuma mwenyewe. Nje iling'aa. Ndani sikuwahi kuitazama hata siku moja kwa miaka mitatu, na ninayaandika haya kwa sababu dalili zote zilikuwepo, moja baada ya nyingine, nami kila moja niliitafutia njia ya kuikwepa.

UPS, kile kifaa chenye betri cha kushikilia kompyuta umeme ukikatika, ilianza kulia pii-pii kila umeme ukiyumba, kisha ikawa haishikilii hata dakika moja. Betri yake ilikuwa imekufa. Kelele zile zilimsumbua Baba akiwa amelala, basi nikaiondoa na kuchomeka kompyuta moja kwa moja ukutani. Saa ya kompyuta nayo ikawa kila asubuhi inarudi tarehe 1 Januari 2002. Miezi ya mwanzo nilikuwa nairekebisha, baadaye nikachoka, nikaacha. Flashi niliyokuwa nahifadhia nakala ilipata vairasi kutoka kwa mteja niliyekuwa namchapia kadi za harusi, mafolda yote yakageuka njia za mkato zisizofunguka. Nikaifuta, nikasema nitanakili upya wikiendi. Na feni ilikuwa ikinguruma kama mashine ya kusaga. Nilishaizoea, hata ikiwa kimya ndipo niliposhtuka.

Mwaka ule ulikuwa wa mgao mkali wa umeme. Mvua zilikuwa haba, mabwawa ya kufulia umeme yamekauka, na jina la Mtera tulilisikia redioni kila siku kama jina la mgonjwa wa ukoo. Kwetu umeme ulikuja usiku wa manane na kuondoka alfajiri. Wiki ya kwanza ya Ramadhani, mwezi wa nane, nilikuwa naamka kabla ya daku ili niingize michango. Usiku mmoja ulikatika nikiwa katikati ya kazi. Haikupita dakika kumi ukarudi kwa kishindo, taa ya sebuleni ikawaka nyeupe kupita kawaida, na kutoka nyuma ya lile boksi tunaloliita sipiyu ukasikika mlio mmoja mkavu. Kisha harufu. Anayeijua harufu ya plastiki na vumbi vikiungua pamoja hahitaji kuelezwa.

Sikumwambia Baba. Nilisema moyoni kukipambazuka nitamwita fundi, itakuwa imetengenezwa kabla ya jioni.

Kulipopambazuka ndipo tukasikia kilio nyumba ya nne kutoka kwetu. Fundi seremala amefariki usingizini.

Huyu bwana alitengeneza kitanda nilichozaliwa juu yake. Milango ya nusu ya mtaa ni yake. Kwa desturi yetu maiti hachelewi, na kabla ya adhuhuri wazee wa chama walishakaa barazani kwetu wakimuuliza katibu: hali ya marehemu kwenye chama ikoje? Baba akaniita. Nikaja nikasimama mlangoni, nikasema kompyuta imeungua.

Kilichokuwepo ni karatasi moja tu, orodha niliyoichapa mwezi wa nne na kuibandika ukutani, ambayo bado ilikuwa imening'inia pale pembeni ya kalenda. Fundi: hajalipa Februari, Machi, Aprili. Baada ya hapo hakuna maandishi. Mama mtunza hazina alileta daftari lake, lakini yeye aliandika jumla tu ya kila mwezi anayokabidhiwa, si majina. Wachache waliolipa kwa simu walikuwa na ujumbe wa M-Pesa. Fundi hakuwa mtu wa simu. Baba alisema, "Mimi nadhani alikuja." Akaulizwa kama anaweza kuapa. Akanyamaza, akanigeukia. Nami nilijaribu kukumbuka, wallahi nilijaribu, lakini sura zilizonijia zilikuwa za watu 64 wote wakinihesabia noti na mimi nikiwaambia maneno yale yale.

Wazee walifanya walichokiona ni wema. Waliamua familia ipewe 300,000 kamili. Na alasiri, kabla ya kumswalia, baada ya kuulizwa kama kuna anayemdai marehemu, mmoja wao alisimama akasema: marehemu alikuwa na deni la chama la miezi saba, na sisi wanachama tumemsamehe.

Mbele ya jeneza lake. Aliye Mwislamu anajua deni la maiti ni kitu gani.

Wanawake tuliokuwa ndani tuliletewa habari na vijana. Mjane alikuwa ameketi kwenye mkeka, ameegemea ukuta. Hakupaza sauti. Alisema, "Mume wangu hakuwa na deni la chama." Shemeji yake mmoja akamwambia, "Limeshasamehewa, shemeji, shukuru Mungu." Akarudia vile vile, taratibu, kisha hakusema tena. Mimi nilikuwa nimeshika birika la maji, hatua mbili kutoka pale alipokaa.

Kesho yake nilibeba boksi lile kichwani kama ndoo ya maji, nikampelekea kijana mmoja mwenye kibanda cha kutengeneza kompyuta. Alitoa skrubu mbili, akavuta ubavu wa kasha, tukatazama ndani. Vumbi lilikuwa limeshikana kama sufi ya mto, la kijivu, limefunika mapezi yote ya kile chuma cha kupoozea prosesa, ubongo wa kompyuta, hewa haina pa kupita. Juu ya bodi ya pawa saplai, sehemu inayogawa umeme, alikuwa amelala mjusi kafiri, mkavu, mikono ameinyoosha huku na huku. Akanionyesha kapasita kwenye mazabodi, yaani bodi kuu, vile vikopo vidogo ambavyo kichwa chake kinatakiwa kiwe bapa. Zetu zilikuwa zimetuna, mbili zimetoa utomvu wa kahawia. Akaing'oa betri ya saa kwa ncha ya bisibisi, kidude cha duara kama sarafu, kimeandikwa CR2032 na volti 3. Akakipima na mita. Hakikufika volti 2.

"Dada, hii bei yake ni kama soda," alisema. Hakuwa ananidhihaki. Alikuwa ananieleza tu.

Swali langu lilikuwa moja: data zipo? Akasema boksi limekufa lakini diski ni kitu kingine, huenda iko hai. Akaichomoa, akaiunganisha kwenye mashine yake. Tukasikia inazunguka, halafu tik, tik, tik, kimya, halafu tena. Akaizima haraka. Akanieleza kwamba umeme ukikatika wakati kompyuta inaandika, faili hubaki nusu, na ramani ya diski nayo huchanika. Mimi miezi kadhaa nilikuwa naiacha ikatiwe umeme namna ile mara mbili tatu kwa usiku. Akasema hataigusa kuitengeneza kwanza. "Nakili kwanza. Nitatibu nakala, sitamtibu mgonjwa mwenyewe." Katika mafundi wote niliowahi kukutana nao baadaye, wanaojua kazi ni wale wanaoanza na hilo. Anayekimbilia kupiga Windows upya juu ya diski yenye mali zako, chukua diski yako uondoke.

Kazi ile ingekuwa ya usiku mmoja kama umeme ungekuwepo. Ilichukua siku tisa. Sehemu mbovu zilisomwa pole pole, mgao ukija anasimamisha, ukirudi anaendelea, na jenereta yake ndogo alikuwa anaichangia na saluni ya jirani. Siku tisa hizo nilipita mbele ya nyumba ya seremala kila nikienda sokoni.

Siku ya tisa alinionyesha mafaili. Matatu yalikuwa na majina: Michango, Michango mpya, Michango mpya 2. Mengine manne yalikuwa vipande vilivyookotwa bila jina, FILE0003.CHK na wenzake, tukayabadilisha kuwa ya Excel, mawili yakafunguka. Sasa lipi ni la mwisho? Hapo ndipo nilipoelewa ile saa niliyoipuuza ilikuwa na kazi gani. Faili zote za miezi ile zilikuwa na tarehe moja, 1 Januari 2002. Hakuna wa kumtangulia mwenzake.

Nikakimbia kwa mama mtunza hazina kuomba lile daftari lake la jumla. Julai: shilingi 141,000. Tukajumlisha safu ya Julai katika kila faili. Ya kwanza haikufikia. Ya pili haikufikia. Kipande kimojawapo kisicho na jina kikatoa 141,000 kamili.

Nikashuka na kidole juu ya kioo mpaka jina la Fundi. Februari hadi Desemba, 33,000, amelipa kwa mkupuo. Pembeni, kwa herufi ndogo, nilikuwa nimeandika mwenyewe: *ameuza mlango, ameomba risiti.*

Nilikaa chini kwenye kibanda kile, kwenye sakafu yenye waya na skrubu. Kijana akaniuliza kama nimefunga, kama naumwa. Nikamwomba anichapie ukurasa huo.

Mjane alikuwa kwenye eda, hatoki, hivyo niliingia mpaka chumbani kwake. Nilimpa shikamoo, nikapiga magoti, nikamweleza yote kuanzia UPS mpaka betri ya saa, ingawa najua mengi hayakuwa na maana kwake. Nilitaka tu asidhani kuna mtu alikula fedha ile. Alinisikiliza. Kisha akaniomba nimsomee ule mstari. Nikasoma. Nilipofika "ameuza mlango" akatikisa kichwa, akasema ulikuwa wa mvule, ulimchukua wiki tatu.

"Alinihadithia," alisema. "Alirudi akasema, mtoto wa katibu kaniambia ipo kwenye kompyuta."

Nikamwomba radhi. Akasema amenisamehe mimi. Lakini deni lilitangazwa msikitini, mwanangu, basi na hili likatangazwe msikitini.

Tangu mwaka ule kompyuta ya nyumbani kwangu inafunguliwa ubavu kila baada ya miezi mitatu, naipuliza kwa blowa na kuifuta kwa brashi laini, huku nimeshikilia feni kwa kidole isizunguke. UPS naijaribu kila mwezi kwa kuichomoa ukutani. Nakala ziko mbili, moja haikai nyumbani kwangu. Na kitabu cha stakabadhi kilirudi juma lile lile, na kaboni yake.

Ijumaa iliyofuata, baada ya alasiri, Baba aliomba watu wasiondoke. Nilikuwa nimemchapia maneno yale kwa herufi kubwa kabisa, mistari minne ikajaza karatasi nzima, ili macho yake yaweze. Sisi wanawake tuliyasikia kutoka upande wetu, nyuma ya pazia. Aliisogeza karatasi karibu, akaiweka mbali, akaisogeza tena. Akasoma jina kamili la marehemu pamoja na la baba yake, akasoma Februari hadi Desemba, akasoma kiasi. Halafu akasema kosa lilikuwa la katibu, na katibu ni yeye.