Siku moja maishani mwangu: mratibu wa utafiti wa saratani, Dar

Watu wakisikia niko kwenye utafiti wa saratani wananiuliza, vipi, dawa mmeshaipata? Jamani mimi sio daktari wala mtu wa maabara, mimi ni mratibu. Vibali, simu, fomu, nauli za wagonjwa, vyote vinapita mezani kwangu. Jana ilikuwa hivi.

Saa kumi na moja alfajiri niko macho, mwendokasi kutoka Kimara, saa moja kasoro nshafungua ofisi. Cha kwanza friza, lazima isome nyuzi -80, naandika kwenye daftari asubuhi na jioni, maana umeme ukikatika na jenereta isiwake vile vinyama vya uvimbe vinaharibika, na huwezi kumrudia mama wa watu ukamwambia njoo tukukate tena.

Saa mbili mpaka saa nne ni imeli, ratiba ya kikao, na ripoti ya kuhuisha kibali cha maadili NIMR, ile taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba.

Saa nne akaingia mama mmoja katokea vijijini huko Kilwa. Ana saratani ya shingo ya kizazi, ile inayoongoza kwa wanawake hapa kwetu, mionzi kamaliza, na hili ndio hudhurio lake la miezi sita. Lina siku zake, wiki moja kabla au wiki moja baada, likipita hapo taarifa zake zinabaki na pengo. Nilishapiga simu mara nne, mara simu iko kwa mwanae, mara haina chaji. Kumwona mlangoni nilifurahi sana.

Daktari kamwona, damu katolewa, nesi kamsomea fomu mpya ya ridhaa, hajui kusoma kwa hiyo kaweka dole gumba mbele ya shahidi. Ikabaki kumrudishia nauli tu.

Mhasibu anataka risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Tiketi ya basi anayo, ila bodaboda ya kutoka kijijini mpaka Nangurukuru kwenye basi haina risiti. Namwambia kaka, bodaboda wa kule mashine ya EFD aitoe wapi? Mkaguzi hatanielewa, anasema. Nikaandika dokezo, akasema lisainiwe na mtafiti mkuu, mtafiti mkuu yuko chumba cha upasuaji, nikakaa mlangoni namsubiri, huku mtu wa mizigo ananipigia barafu kavu ya kusafirishia sampuli imefika, inabidi sampuli zipakiwe leo maana ile inayeyuka hewani hata ukiifunika, nikamwomba mwenzangu wa maabara anishikie. Nikirudi kwenye benchi mama ananiambia mwanangu, basi niende tu. Na mimi najua akiondoka mikono mitupu harudi tena, na sitamlaumu, ile hela kakopa. Nikamletea chai na chapati, chapati hakuimaliza.

Sahihi nikaipata saa tisa na nusu. Narudi, mhasibu anasema dokezo halina namba ya bajeti. Nikaiandika hapohapo kwa kalamu nimesimama mbele yake, sikuondoka mpaka akafungua droo.

Basi la Kilwa lilishaondoka. Mama akaenda kulala kwa ndugu yake Mbagala, usiku wa pili huo, mgonjwa.

Friza ya jioni niliandika, saa ngapi sikumbuki, miguu imevimba. Nyumbani nikalala na nguo.

Leo saa nane mchana mwanae kanitumia meseji, tumefika Nangurukuru, tunatafuta boda. Nimemjibu waambie wawaandikie hata kwenye kikaratasi, jina, namba ya pikipiki na kiasi, mje nacho safari ijayo.