Nilivyopima umbali wa anga kati ya London na Tokyo

Tiketi yangu ya kutoka London kwenda Tokyo ilionyesha kwamba ndege ingekaa angani kwa takriban saa 14, nami nikataka kujua ni kilomita ngapi hizo, kwa kupima mwenyewe badala ya kupokea tu jibu la simu.

Nilianza vibaya. Nililaza rula juu ya ramani ya ukutani, nikapiga mstari ulionyooka kutoka mji mmoja hadi mwingine, bila kukumbuka kwamba ramani bapa ya Mercator huzivuta nchi zikapanuka kadiri zinavyoikaribia ncha ya kaskazini. Mstari wa namna hiyo hufuata uelekeo mmoja wa dira, na hata ukihesabiwa sawasawa hutoa karibu kilomita 11,300, ambayo si njia fupi hata kidogo.

Ndipo nikachukua tufe la dunia lenye kipenyo cha sentimita 30 na uzi wa kushonea. Nilibana ncha moja kwa kidole pale London, nikauvuta uzi hadi Tokyo, ukateleza mara mbili, na ulipokaza nikaona umepanda wenyewe kaskazini hadi Siberia, karibu na latitudo ya 71. Kwenye rula ulikuwa sentimita 22 na nusu. Mzingo wa tufe ni sentimita 94 na ushei na wa dunia ni kama kilomita 40,000, kwa hiyo nilipata takriban kilomita 9,550.

Kwa kuwa sikuuamini sana uzi, nilihakiki kwa hesabu ya duara kuu, yaani njia fupi kabisa juu ya uso wa tufe, inayotumia latitudo za miji yote miwili na tofauti ya longitudo zao. Jibu la kwanza lilikuwa kichekesho, kwani kikokotoo kilikuwa kwenye radiani, kipimo kingine cha pembe, nami niliingiza digrii. Nilipokirekebisha, pembe kati ya miji hiyo, ikipimwa kutoka kitovu cha dunia, ilitoka digrii 86, na kwa kuwa kila digrii ni kilomita 111.2 juu ya uso wa dunia, nikapata kilomita 9,560. Uzi ulikuwa umesema kweli.

Hata hivyo, kwa mwendo wa kilomita 900 kwa saa, umbali huo hauzidi saa 11. Saa nyingine zilitoka wapi? Tangu 2022 mashirika ya ndege ya Uingereza yamefungiwa anga ya Urusi na yale ya Japani yanaiepuka, hivyo njia ile ya Siberia haipitiki kwao. Nikaurudisha uzi kwenye tufe, safari hii nikiupitisha Istanbul, Baku, Almaty na Seoul kabla ya kuufikisha Tokyo, ukatoka sentimita 28, yaani karibu kilomita 11,900. Ukigawanya kwa 900 unapata saa 13 na dakika chache, na ukiongeza muda wa kupaa na kushuka, unarudi palepale kwenye zile saa 14 za tiketi.