Mashine imeona ugonjwa, nauli ya kwenda kutibiwa je?

Jamani wenye kisukari, au wenye wazazi wenye kisukari, hii inawahusu. Sukari ikikaa juu muda mrefu mishipa midogo ya damu nyuma ya jicho inaanza kuvuja, haiumi, haiwashi, mtu anaona vizuri tu mpaka siku ukungu umeshatanda na kilichoharibika ndo basi tena. Mama yangu mdogo kila nikimwambia akapime macho ananijibu mbona meseji nasoma bila miwani, na simlaumu maana daktari wa macho yuko mkoani na nauli yake ni hela ya mboga ya wiki.

Ndo maana hii habari ya AI (akili bandia, programu ya kompyuta) kusoma picha za jicho naifatilia sana. Nesi anakupiga picha, programu inatoa jibu hapohapo, bingwa hata asipokuwepo. Majirani zetu Rwanda walishaifanyia utafiti, matokeo yakatoka 2022: waliopewa jibu la mashine hapohapo, asilimia 51.5 walienda kweli kwenye rufaa, waliosubiri jibu la binadamu siku kadhaa ni asilimia 39.6. Hiyo namba imenifurahisha na kuniuma pamoja, kwa sababu hata kwenye kundi lililofanya vizuri karibu nusu hawakufika, na hao wameshaambiwa kabisa jicho lako lina tatizo.

Thailand nako Google walipeleka ya kwao kwenye kliniki 11. Kwenye majaribio ilikuwa inafaulu vizuri, kufika kliniki zenyewe vyumba vingi vina mwanga, mboni inasinyaa, picha inatoka mbovu, mashine inaikataa. Kati ya picha 1,838 za miezi sita ya mwanzo asilimia 21 zilikataliwa, na ikikataliwa yako unaambiwa ukaonane na bingwa, siku nyingine, sehemu nyingine, hata kama jicho lako halina kitu. Intaneti nayo ikisumbua foleni inasimama.

Mashine siikatai, zije hata kesho. Ila anayeleta kamera alete na mapazia meusi ya chumba, mashine ya leza ya kutibu jicho isogezwe karibu na watu, na nauli ya aliyepewa rufaa iwe kwenye bajeti ya mradi tangu siku ya kwanza, isiachiwe mgonjwa. Na wewe unayehudhuria kliniki ya kisukari, kama hawajawahi kukuangalia macho waulize, inatakiwa angalau mara moja kwa mwaka.