Modemu, dirisha la basi na mnara wa jirani

Modemu ya USB, kile kidude chenye laini ya simu unachochomeka kwenye kompyuta upate intaneti, ina tabia moja mbaya kuliko hata kufa, nayo ni kuonyesha kila kitu kiko sawa. Taa inawaka, vile vistari vya netiweki vimejaa vyote, kidirisha chake kinasema subiri kidogo unaunganishwa, halafu ukifungua ukurasa wowote unabaki unakodolea kiduara kinachozunguka. Kifaa kilichokufa angalau kinakuachia ukae zako uangalie nje.

Leo safari ilikuwa ndefu, barabara yenyewe sehemu kubwa inaambaa na mpaka, na nilikuwa na mafaili ya kutuma kabla ya jioni. Watu huwa wananiuliza kwa nini bado nang'ang'ania modemu wakati simu inatoa hotspoti, na jibu langu halibadiliki: simu kwenye hotspoti inachemka, inamaliza chaji, na ikigoma haikwambii imegoma kwa sababu gani. Modemu ukijua pa kuiuliza inasema. Nimekaa na hilo wazo njia nzima, acha nilitoe.

Shida ya kutafuta tatizo la intaneti ukiwa safarini ni kwamba vitu viwili vinabadilika kwa pamoja. Nyumbani mnara ni uleule na ukuta ni uleule, kwa hiyo intaneti ikikata unajua kitu kimebadilika kwenye kifaa au kwenye laini. Barabarani kila baada ya kilomita chache uko kwa mnara mwingine, mara kilima, mara bonde, mara basi limesimama katikati ya malori mawili ya bati, na wewe hapohapo unabofya bofya setingi. Ikikubali hujui ni setingi yako ndo imefanya kazi au ni basi limetoka bondeni. Ndo maana watu wengi wana dawa zao za modemu wanazoziamini kabisa, mwingine atakwambia ichomoe uifute laini kwa shati, mwingine ipulize, na kweli kuna siku ilikubali baada ya kupulizwa, ila ilikubali kwa sababu gari lilikuwa limefika mlimani.

Kwa hiyo mi siku hizi sigusi setingi yoyote mpaka nijue imekwama hatua gani, maana hatua ni kadhaa na kila moja ina ugonjwa wake.

Ya kwanza ni kompyuta kuitambua kama modemu. Hizi za zamani zikichomekwa huwa zinajitambulisha kwanza kama siidii, ndani yake kuna programu ya kuinstoli, halafu ndo zinageuka kuwa modemu. Zisipogeuka unaona siidii tu kwenye kompyuta na hakuna kingine. Kwenye Linux kazi ya kuigeuza inafanywa na programu ya usb_modeswitch na unaweza kuhakikisha kwa amri ya lsusb, inayoorodhesha vifaa vya USB vilivyochomekwa na namba zao: namba ya mtengenezaji mwanzoni inabaki palepale (12d1 ni Huawei, 19d2 ni ZTE), ile ya pili ndo inabadilika modemu ikishageuka. Kama haijabadilika usihangaike na APN (lile jina la mlango wa intaneti wa kampuni yako ya simu) wala salio, hujafika huko bado. Yangu leo iligeuka vizuri, poti zake za kuongea nayo zikatokea, ttyUSB0 na wenzake, nikaendelea.

Ya pili ni umeme, na hapa nikae kidogo kwa sababu naona watu wanairuka. Tundu la USB 2.0 kwa kanuni linatoa miliampea 500, la USB 3.0 linatoa 900. Modemu ikiwa karibu na mnara inakula kidogo tu, haina haja ya kupaza sauti. Mnara ukiwa mbali inaongeza nguvu ya kurusha, na ikishuka kwenye 2G ndo kabisa, maana kifaa cha GSM, yaani hiyo 2G, kinaruhusiwa kurusha mpaka wati 2 kwa mapigo mafupi mafupi, na mapigo hayo yanaivuta kwa ghafla ile volti ya tundu. Sasa chukua modemu hiyo uichomeke kwenye waya mrefu mwembamba wa USB ili uining'inize dirishani (kama nilivyofanya mimi, na ni sahihi kabisa kuitoa kwenye bodi la chuma kuipeleka kwenye kioo), volti zinapotelea njiani kwenye waya, modemu inajizima na kujiwasha yenyewe, kompyuta inalia ule mlio wa kitu kimechomolewa, wewe unasema netiweki mbovu. Na inaonekana kweli ni netiweki kwa sababu inatokea palepale penye netiweki hafifu! Ila kinachokosekana ni umeme. Waya mfupi mnene, au tundu lingine la kompyuta, linamaliza kesi. Ukitaka kujua kama ndo hilo, sikiliza: netiweki ikikata lakini modemu ikabaki imeshikwa, hakuna mlio wa kompyuta. Ukisikia ule mlio wa kuchomolewa na hujagusa kitu, angalia waya.

Ishara nyingine ya masikio ambayo naipenda, ukisikia kwenye spika au hedifoni ule mngurumo wa drrr-dat-dat-drrr, hapo jua kuna kifaa karibu yako kiko kwenye 2G. GSM inarusha mapigo kama 217 kwa sekunde na waya za spika zinayadaka. 3G haina mlio huo. Kwa hiyo masikio yanaweza kukwambia umeshuka kwenye 2G kabla hata hujaangalia taa.

Leo waya wangu ulikuwa mzima, hakuna mlio wa kompyuta wala wa spika. Vistari vimejaa. Hakuna intaneti.

Sasa hapo ndo pale ambapo kile kidirisha cha rangi rangi kinakuwa adui, maana kinajua sababu na hakisemi, kinakuletea tu "imeshindikana kuunganisha, jaribu tena baadaye" na namba ya kosa isiyo na maana kwa binadamu. Nikakifunga. Kwenye Linux nikasimamisha na ModemManager, programu inayosimamia modemu kimyakimya, maana nayo hupenda kung'ang'ania poti, nikafungua minicom, programu ya kuandikia amri kwenye poti, nikaongea na modemu moja kwa moja. Kwa wenye Windows ni PuTTY, poti ya COM unaiona kwenye Device Manager.

Ambacho kinanifurahisha kila mara ni kwamba lugha yenyewe ni ya kale. Amri za AT, yaani zile zinazoanza na herufi AT ambazo modemu inazielewa, zilianza na modemu ya simu ya mezani, Hayes Smartmodem ya 1981, na mpaka leo kifaa cha 3G au 4G ukikiandikia AT kinakujibu OK. Miaka yote hiyo, mitandao imekuja na kuondoka, herufi mbili zimebaki.

Basi nikaandika AT, ikasema OK, maana yake iko hai. AT+CPIN? ikasema READY, laini iko sawa na haidai pini. AT+CSQ ikanipa 27. Hii namba inaanzia 0 mpaka 31, na 99 maana yake haijui, ukiizidisha kwa 2 ukatoa 113 unapata nguvu ya mawimbi kwa kipimo cha dBm (inavyokaribia sifuri ndo nzuri), kwa hiyo 27 ni hasi 59, yaani mnara kama uko hapo nje ya dirisha. Netiweki nzuri mno! Na hilo ndo lingenipoteza kama ningeishia hapo, maana mtu ukiona mawimbi yale unaanza kushuku bando, unaanza kushuku APN, unaanza kufuta profaili na kuandika upya neno internet na kubadilisha DNS, ile inayotafuta anwani za tovuti.

Nikaiuliza imesajiliwa wapi: AT+CREG? ikajibu 0,5.

Ingekuwa 0,1 maana yake imesajiliwa kwenye mtandao wa nyumbani. 0,2 inatafuta. 0,3 imekataliwa. 0,5 imesajiliwa, ila ugenini. Niko ndani ya nchi yangu, sijavuka popote, na modemu yangu imeshavuka mpaka bila mimi. AT+COPS? ikanitajia kabisa jina la kampuni ya nchi jirani.

Nilicheka peke yangu. Kile kibonde tulichopita nyuma huko netiweki ya kwetu ilikata kidogo, modemu ikatafuta chochote, ikadaka mnara wa ng'ambo, na ikishadaka mnara wa nchi nyingine wenye nguvu namna ile haina haraka ya kurudi, inakuchukulia kama umeshasafiri. Hata tulipopanda tukarudi kwenye minara ya kwetu yenyewe ilibaki kwa jirani, vistari vimejaa. Na data za ugenini kwenye laini yangu nimezifunga, ndo maana mtandao wa jirani uliipokea lakini intaneti hakuna. Vistari vinapima nguvu ya mnara unaousikia tu. Kama mnara huo una ruhusa ya kukuhudumia, hiyo ni habari nyingine na haina vistari vyake.

Dawa yake ni kuiamuru ibaki kwa kampuni yako. Unaandika AT+COPS=1,2 halafu koma na namba ya mtandao wako kwenye alama za nukuu, ile namba inaanza na tarakimu tatu za nchi zikifuatiwa na mbili au tatu za kampuni. Hiyo namba nilishaiweka kwenye faili langu la maandishi ndani ya kompyuta, pamoja na APN na amri zote hizi, kwa sababu ya ule ujinga wa dunia kwamba maelekezo yote ya kutengeneza intaneti yako kwenye intaneti. Kama huna hiyo namba, AT+COPS=? inakuorodheshea mitandao yote inayosikika, ila uwe mvumilivu, inaweza kupita dakika nzima imekaa kimya ukadhani imeganda.

Ikajibu OK. CREG ikawa 0,1. CSQ ikashuka kutoka 27 mpaka 9, yaani hasi 95, vistari viwili vya huruma, na intaneti ikafunguka hapohapo. Nani angeamini? Unapunguza netiweki ndo unapata netiweki.

Sio kwamba ilikimbia. Basi linatembea, modemu inahama mnara hadi mnara, na ikiwa kwenye mchaguo wa otomatiki inapanda 3G inashuka 2G inapanda tena, kila ikibadilisha unakatika sekunde kadhaa na faili linaanza upya. Nikaifungia kwenye WCDMA, yaani 3G, peke yake kwa kuwa nilikuwa naona minara ya 3G ipo mfululizo. Hii siishauri kila mahali, sehemu yenye 2G tu utabaki huna kitu kabisa, na kuna nchi ambazo 3G yenyewe imeshazimwa, Ujerumani walizima 2021, Marekani 2022, huko modemu ya 3G inabaki pambo. Siku yangu itafika na naijua. Zile mpya za 4G zinazojifanya kadi ya mtandao, unafungua 192.168.8.1 kwenye brauza basi umemaliza, ni rahisi kweli kutumia, ila nyingi zimefunga ile poti ya kuongea nayo na mimi hilo linaniuma. Unapewa ukurasa mzuri wenye vistari vizuri.

Jambo dogo la mwisho kabla sijasahau, ukipata intaneti safarini kitu cha kwanza iambie Windows kwamba muunganisho huu unalipiwa kwa kipimo, la sivyo itaona bahati imefika na kuanza kuvuta masasisho yake yote, na bando lako litaisha kabla hujafungua barua pepe.

Mafaili yalipokuwa yanapanda polepole, kijana wa siti ya pembeni ambaye alikuwa ananichungulia muda mrefu akashindwa kuvumilia. "Samahani kaka, hiyo minamba ndo unahack?" Nikamwambia hapana mdogo wangu, naiuliza tu modemu iko wapi. Akasema basi na yeye simu yake leo inamsumbua, intaneti inaenda kasi kweli lakini salio linayeyuka, ameweka mara ya pili sasa na hata video hajaangalia. Nikamuomba nione. Juu kabisa kwenye kioo, pembeni ya vistari, kulikuwa na kale kaherufi R, ka roaming, yaani uko ugenini. Data za ugenini kaziwasha mwenyewe zamani akazisahau. Nikamzimia, nikamtolea otomatiki nikamchagulia mtandao wa kwetu, nikamwambia akishaachana na mpaka airudishe.

Akafungua meseji zake. Ile ya kukaribishwa nchi jirani, na bei ya kila MB imeandikwa, ilikuwa imeingia tangu asubuhi, hajaisoma, kadhani ni tangazo.